"Mzee, pita, we si gari!"

Maneno hayo aliniambia kijana wa bodaboda wiki iliyopita, kwenye mataa ya Magomeni Usalama. Taa ilikuwa nyekundu, mimi nimetua mguu mmoja chini nasubiri. Yeye akapita zake. Sikumjibu, maana zamani nami nilikuwa napita vilevile.

Mimi ni fundi cherehani. Kila siku, hapa Dar es Salaam, natoka Manzese kwenda Kariakoo kwa baiskeli, na mara nyingi kwenye keria nimefunga kichwa cha cherehani. Wasioendesha hudhani tunapita taa nyekundu kwa ujeuri. Wajeuri wapo, lakini wengi wetu shida ni magoti. Baiskeli haina gia, mzigo ni chuma kitupu. Ukishasimama, kuing'oa tena pale ilipo ni shughuli. Ukiona barabara nyeupe mbele, mguu wenyewe unakataa kusimama.

Siku moja niliusikiliza mguu. Magari ya barabara ya Kawawa yalikuwa yamebanana kwenye foleni, hayasogei, nikasema hapa napenya. Nilisahau mwendokasi. Pale Usalama mabasi hayo hayaendi tu moja kwa moja na Morogoro Road. Mengine yanatoka kituo cha Morocco kupitia Kawawa, katikati, kwenye njia yao ambayo haina foleni. Nyuma ya daladala iliyosimama sikuliona basi linalokuja. Nilisikia honi, nikabana breki, nikaenda chini na mzigo wangu. Mimi nilichubuka tu kiwiko, ila cherehani ya mteja ilipasuka, na niliilipa kwa miezi mitatu. Yote hayo ili niokoe nusu dakika.

Kwa hiyo ushauri wangu, simama. Ila kuna namna ya kusimama isiyokuvunja magoti. Itazame taa toka mbali. Ikiwa nyekundu, acha kupiga pedeli mapema, iache baiskeli ijiendee polepole. Mara nyingi utafika inageuka kijani bado unatembea, hujatua mguu.

Na ukisimama, angalia umesimama wapi. Hili kwangu ni kubwa kuliko hata rangi ya taa. Usijibanze kushoto kwa lori. Dereva wetu anakaa kulia. Wewe uliye chini kushoto, karibu na tairi la mbele, hakuoni, na akikata kona kushoto anakusaga bila kujua. Tafuta uso wake kwenye kioo chake cha pembeni. Kama huuoni, naye hakuoni. Rudi nyuma yake, au sogea mbele kabisa akuone.

Trafiki akiwa katikati ya barabara, sahau taa, fuata mkono wake. Kijani ikiwaka na trafiki hayupo, hesabu moja, mbili, tatu ndipo uondoke, kwa sababu wale wa upande wa pili huwa hawajamaliza kupita.

Rafiki yangu mmoja hupenda kuniambia kwamba Marekani, jimbo la Idaho, tangu mwaka 1982 sheria inamruhusu mwendesha baiskeli kupita alama ya kusimama bila kusimama, mradi apunguze mwendo na kuwapisha wenye haki ya kupita. Ni kweli, na hata Paris kuna mataa yenye kibao kinachoruhusu baiskeli kupinda kulia wakati wa nyekundu. Sawa. Lakini kule dereva ameambiwa akutarajie. Huku hakuna aliyemwambia, na wa daladala anakimbilia abiria wa kituo kinachofuata.

Ukiwa na haraka kweli, shuka. Sukuma baiskeli kwenye kivuko pamoja na waenda kwa miguu wakati wao wa kuvuka. Hapo na wewe ni mwenda kwa miguu. Mimi nafanya hivyo pale kituo cha Fire karibu kila asubuhi. Muuza maji mmoja wa pale anaamini nina pancha ya kudumu. Juzi kanionyesha kwa fundi.