Unaanza Kiklingoni? Ingia kwa mlango wa Kiswahili

Mdogo wangu mmoja wa Tukuyu, anayesoma chuo hapa Mbeya, alinijia jioni moja na kaunta buku lake. Ameandika qalegh, neno la Kiklingoni, lugha ya kubuni ya Waklingoni, viumbe wa filamu za angani za Star Trek, na chini yake tafsiri ya Kiingereza yenye maneno matatu. "Kaka, hii 'mimi' iko wapi humu ndani?"

Nikamwambia aandike "nakuona". Akaandika. Nikamuuliza hilo ni maneno mangapi. Akaliangalia, akaliangalia tena, kisha akafuta ile tafsiri ya Kiingereza.

Hapo ndipo ningependa kila anayeanza apafike mapema kuliko nilivyofika mimi. Vitabu vingi vya Kiklingoni vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo unajikuta unavuka mito miwili badala ya mmoja. Mimi nilihangaika hivyo miezi kadhaa, nikikariri viambishi kama namba za simu. Marc Okrand, mwanaisimu Mmarekani aliyeitunga lugha hii kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya mwaka 1984 na kuitolea kamusi mwaka 1985, alitaka isikike ngeni masikioni mwa Wamarekani. Mambo mengi aliyoyachagua ili yawe mageni kwao, sisi tumeyanyonya na maziwa ya mama.

Chukua kiambishi cha mwanzo wa kitenzi. Sisi tunasema ni-na-ku-ona, na kila kipande unaweza kukichomoa. Kiklingoni kimeyeyusha mtenda na mtendwa pamoja: qa- ni "mimi-wewe", cho- ni "wewe-mimi", mu- ni "yeye-mimi", vI- ni "mimi-yeye". Basi cholegh ni "unaniona", mulegh ni "ananiona". Vipo 29 na hakuna njia ya mkato. Nilikata maboksi ya sabuni nikatengeneza kadi, upande mmoja qa-, upande wa pili "ni…ku". Usiandike Kiingereza kwenye kadi hizo.

Kisha njoo kwenye viambishi tamati vya kitenzi, na hapa twende polepole, maana ndipo utamu ulipo. Ghoj ni kujifunza. GhojmoH ni kufundisha. Ile -moH inafanya kazi ya -isha yetu. Ongeza -wI' upate ghojmoHwI', mfundishaji. Legh ni kuona. Maleghchuq ni "tunaonana", na -chuq ndiyo -ana. JIlegh'egh ni "najiona". Tazama pia So', kufunika, na So'Ha', kufunua. Mwenye Kiingereza hufundishwa -Ha' kwa maelezo marefu. Wewe una funga na fungua, tega na tegua, tangu utotoni. Ila -Ha' ina maana ya pili, ya kufanya jambo vibaya: yajbe' ni kutoelewa, yajHa' ni kuelewa visivyo. Na jIyajbe', "sielewi", uijue siku ya kwanza. Sisi ukanushi tunautanguliza. Wao wanauweka nyuma.

Kuhusu -lu', mdogo wangu aliniuliza mara tatu. VIlegh ni "namwona". VIleghlu' ni "naonwa". Kitabu kinasema eti viambishi hugeuka kazi, na msomaji huchanganyikiwa. Wewe sema tu naona, naonwa: "mimi" imebaki palepale mwanzoni, mkia umebadilika.

Mpangilio wa sentensi ndio unaotisha watu: kinachotendwa kwanza, kitenzi katikati, mtenda mwisho. NaH Sop puq, neno kwa neno, ni "tunda anakula mtoto". Lakini nyumbani tukiuliza nani kala chapati, si tunajibiwa "chapati kala mtoto"? Tofauti ni kwamba kwetu huo ni uamuzi wa msemaji, kwao ni sheria. Na ni sheria yenye meno, kwa sababu yeye-kwa-yeye hakuna kiambishi chochote. SoS legh puq, mtoto anamwona mama. Puq legh SoS, mama anamwona mtoto. Ukigeuza mpangilio umegeuza habari nzima. Hilo ndilo kosa ninalosahihisha kuliko mengine yote.

Mahali ni rahisi: -Daq ni -ni yetu. Neno juH ni nyumba, juHDaq ni nyumbani. (Ndiyo, herufi kubwa zina maana: D, H, I, Q na S daima ni kubwa, nyingine ndogo, hata mwanzoni mwa sentensi. Hapa juu nimeanza sentensi kwa G, L, M, J, V, N na P kubwa zisizostahili kwa mazoea ya kuandika Kiswahili. Wewe kwenye daftari lako andika ghoj, jIlegh'egh, vIlegh.) Q na q ni sauti mbili tofauti kabisa.

Wakati, yaani li na ta, hakuna. Unataja wa'Hu', jana, au wa'leS, kesho, na kitenzi kinabaki vilevile: wa'leS paq vIlaD, "kesho nasoma kitabu". Ile -pu', inayokaa nyuma ya kitenzi, usiifanye "li". Ni "me": jambo limekamilika, basi.

Matamshi: ng yao ni ya ng'ombe, hata mwanzoni mwa neno, kama ngeD, rahisi. Gh ni ya ghali. Ile I fupi humtesa mtu wa irabu tano, lakini Kinyakyusa kina irabu saba, na mdogo wangu aliitamka sawasawa mara ya kwanza, mimi bado naitafuta. Tlh itachukua muda: ncha ya ulimi kama ya t, hewa itoke kwa nguvu pembeni pande zote mbili.

Msamiati usiubuni. Wanaoisema lugha hii wamekubaliana kupokea maneno mapya kutoka kwa Okrand, hivyo parachichi la Rungwe mwite naH, kisha eleza rangi na ukubwa wake. Salamu nazo zizoee. Iringa hupiti mlango wa mtu bila "kamwene"; Mklingoni atakuuliza nuqneH, "unataka nini?", na hajakutukana.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniandikia "niko nyumbani": juHDaq jIH. Karibu kabisa. Kuwa mahali kunataka -taH, ya kuendelea: juHDaq jIHtaH. Nikamrudishia kwa ujumbe, naye akajibu dakika ileile: jIyaj.