Tone la prostaglandini kwenye glavu

SWALI: Shikamoo mama. Ni fundi sanifu wa maabara ya chuo, mimba yangu ina miezi mitano. Kila wiki naandaa prostaglandini E2 na F2 alfa za jaribio la mji wa mimba wa panya. Juzi tone la F2 alfa lilinidondokea kwenye glavu. Je, kuna hatari? Pia E2 niliyoichanganya na maji Jumatatu, Ijumaa haikufanya kazi, ila F2 alfa ilikuwa sawa. Kwa nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi hiyo iache leo, mwachie mwenzako asiye na mimba wala pumu. Mwambie mkuu wako kwa maandishi.

Prostaglandini ni mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza, kidogo mno, ili seli ipashe habari jirani zake. F2 alfa hukaza mji wa mimba, hubana njia za hewa, na hupenya ngozi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Sultan Karim wa Makerere, Kampala, aliwaanzishia wajawazito uchungu kwa dripu ya F2 alfa, maikrogramu chache tu kwa dakika. Ng'ombe mzima hudungwa miligramu 25 ili apate joto la kutaka dume. Sasa lifikirie tone lako.

Likikudondokea, vua glavu papo hapo, nawa kwa sabuni na maji mengi. Glavu nyembamba usiiamini, hasa dawa ikiwa ndani ya ethanoli. Hujataja maumivu, nashukuru. Hata hivyo mweleze mkunga wako. Tumbo likikaza au ukiona damu, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali.

Kuhusu E2: ikikaa kwenye maji hupoteza molekuli ya maji na kugeuka prostaglandini nyingine, A2, na joto huharakisha. Yalinikuta. Kipande cha mji wa mimba kilining'inia kwenye uzi, kalamu ya kimografu, mashine ya kuchora mikazo ya msuli, ikachora mstari mnyoofu, wanafunzi wananitazama. Nikamlaumu panya, nikachinja wa pili. Kosa lilikuwa kichupa nilichokiacha mezani siku nne. Panya yule alikufa bure, na mpaka leo inaniuma.

Mwenzako aiyeyushe E2 kwenye ethanoli, aigawe kwenye vichupa vidogo vya siku moja moja, aandike tarehe, aweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji achanganye asubuhi ya jaribio, kichupa kikiwa kwenye barafu, na kitakachobaki jioni asikirudishe. F2 alfa ni stahimilivu zaidi kwenye maji, ndiyo maana ilifika Ijumaa salama.