Makanisa ya Mlimani na Dakika Ishirini za Mwanga

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wanane tunaojifunza upigaji picha tumepanga kutumia jioni moja ya Jumamosi, mwezi wa Juni, kupiga picha makanisa ya zamani kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tumefikiria Kilema, Kidia na, muda ukiruhusu, Machame. Nimepewa kazi ya kutangulia kukagua. Nianzie wapi? (Msomaji, Moshi mjini)

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kupunguza orodha. Kilema iko mashariki mwa Moshi na Machame iko magharibi, na aghalabu utalazimika kushuka hadi barabara kuu ndipo upande tena. Huku karibu na ikweta jua likizama giza halichelewi. Mwanga wa buluu, ule wa anga baada ya jua kuzama unaofaa sana kwa picha kama zenu, hudumu takriban dakika 20 tu. Machame, ingawa ndiko wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walikoanzia kazi mwaka 1893, ningeiachia siku yake. Kati ya Kilema na Kidia chagueni moja, na nyingine iwe ya akiba.

Ukaguzi wenyewe ufanye saa ileile mtakayopiga picha, kwa sababu mahali palipokuvutia saa nne asubuhi huenda jioni pakawa kivuli kitupu. Mwezi wa Juni jua huzama Moshi karibu saa 12:30 jioni, lakini muda huo ni wa mahali tambarare. Kwa anayesimama kati ya migongo ya mlima, jua laweza kupotea nyuma ya mgongo wa jirani mapema zaidi, na migomba na miti mirefu ya migravilia huongeza kivuli chake. Andika dakika ambayo mwanga unaondoka kwenye ukuta wa mbele, kisha ile ambayo unaondoka kwenye mnara wa kengele.

Angalia pia kanisa limeelekea wapi. Desturi ya kale ilikuwa altare kuwa mashariki na mlango mkuu magharibi, ila mlimani umbo la ardhi mara nyingi ndilo lililoamua, kwa hiyo nenda na dira. Mwezi wa Juni jua huzama kama digrii 23 kaskazini mwa magharibi, na Desemba kiasi hichohicho kusini mwake. Ukinyoosha mkono, ngumi yako hukadiria digrii 10. Tofauti ya misimu hiyo miwili ni zaidi ya ngumi nne, kiasi cha kutosha kuufanya ukuta unaong'aa Juni uwe gizani Desemba.

Hata hivyo, usitegemee mno jua wala kilele cha Kibo, maana Juni ni msimu wa baridi na mawingu hutanda siku nyingi upande wa kusini. Jambo nitakalolitilia mkazo kuliko yote ni taa za ndani. Anga inapogeuka buluu na madirisha yakiwaka rangi ya manjano, hata kanisa la kawaida hupata uhai, na mwanga huo hauhitaji kununuliwa: uliza kwaya hufanya mazoezi siku gani na hadi saa ngapi. Kwa picha hizo mtahitaji stendi ya kamera, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 100, tundu la lenzi la f/8 na muda wa kuingiza mwanga wa sekunde kadhaa.

Jumamosi ina mtego wake, kwani ndiyo siku ya ndoa, na mara nyingi ya mazishi pia. Piga hodi ofisini mapema, kwa paroko ukiwa Kilema na kwa mchungaji wa usharika ukiwa Kidia, ueleze mko wangapi na picha zitatumika wapi. Watu tisa wenye stendi mbele ya mlango wa kanisa ni wengi, na waumini wana haki ya kuingia bila kuruka miguu ya kamera. Kwa Wakatoliki kengele ya Malaika wa Bwana hupigwa saa 12 jioni. Ikilia, acheni kamera hadi sala imalizike. Makaburi yaliyo uwanjani nayo yaombewe ruhusa yake.

Kuhusu droni, kama mmoja wenu anayo, aiache nyumbani mpaka awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwisho, kagua mahali pa kugeuzia gari, kwa sababu mtaondoka gizani na mvua ikinyesha udongo wa mlimani huteleza.