Jibu: Sheria za vijiji vya mpakani kwenye ufalme wa kubuni

Mkuu, umeuliza mfalme wa stori yako awape sheria gani watu wa mpakani, mi nakushauri usianze na adhabu, anza na ofa, maana nani ataacha shamba lake akalale jirani na adui bure bure? Cheki Hispania ya zamani, mfalme Alfonso VIII aliteka mji wa mpakani wa Cuenca 1177, baadae akatoa sheria kwamba yeyote anayehamia, awe Mkristo, Mwislamu au Myahudi, huru au mtumwa, haulizwi deni wala ugomvi wa kabla mji haujatekwa, yani mdaiwa sugu anahama anakuwa raia safi kabisa 😀. Mwenye nyumba anayoishi mjini halipi kodi, isipokuwa mchango wa kuta na minara, na ukiwa na farasi wa maana hata huo unasamehewa. Sasa hapo stori unayo, mdai kafika getini na karatasi yake...