Je, Mke Anaweza Kumfunga Mumewe Nyota Asipandishwe Cheo?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mwanajeshi, mwenyeji wa Makorora hapa Tanga, ila kikosi changu kiko mbali na nyumbani. Huu ni mwaka wangu wa 7 nikiwa koplo. Wenzangu wamekwisha kuwa masajenti, nami kila orodha ikitoka jina langu halimo. Dada yangu mkubwa ananiambia kwa simu kwamba mke wangu amenifunga nyota, kwani tangu nimwoe sijasonga mbele. Kwa hasira, nimeacha kumtumia mke wangu matumizi kwa miezi 3. Sasa dada anasema mke hutoka kila jioni na beseni, akarudi usiku kwa bodaboda. Nimeomba likizo na nataka niingie usiku bila kumwarifu. Je, ninafanya vyema? Na je, kumwomba Mungu cheo ni kupenda dunia?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Nianze na ulilolitaja mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi. Kutamani tepe ya tatu si dhambi, na kumwomba Allah riziki iliyo pana zaidi ni ibada. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza swahaba wake Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi, akamweleza kwamba anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo wake, na anayepewa bila kuuomba husaidiwa, lakini Nabii Yusuf naye alimwambia mfalme amweke juu ya hazina za nchi, kwa kuwa alijijua kuwa ni mlinzi na mjuzi. Nionavyo mimi, askari aliyetimiza masharti, akamwendea mkuu wake kwa utaratibu uliowekwa akauliza upungufu wake uko wapi, huyo hakuomba ukubwa kwa uroho. Usitoe rushwa tu, kwani Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji wake.

Ama hili la nyota, ndugu yangu, limenihuzunisha. Neno hili tumelizoea mno pwani yetu, hata mtu hulitamka barazani akinywa kahawa bila kuhisi kwamba amegusa itikadi yake. Mtume amesema, katika hadithi ya Ibn Mas'ud aliyoipokea Abu Dawud, kwamba kuamini mkosi ni shirki. Huenda dada yako akakujibu kwamba ipo hadithi isemayo mkosi uko katika mwanamke, nyumba na farasi. Hadithi hiyo ipo, lakini Bibi Aisha, mke wa Mtume, alipoisikia ikisimuliwa hivyo alikasirika, akaeleza kwamba Mtume alikuwa akisimulia waliyokuwa wakiyasema watu wa zama za ujahili. Na ikiwa kuna anayekushawishi uende kwa mganga akusafishe nyota, jua kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40, kama alivyopokea Imam Muslim.

Nakuomba ukumbuke pia kwamba kisa kikubwa kuliko vyote vya uzushi juu ya mke wa mtu kilizuka katika safari ya jeshi. Mtume na Waislamu walikuwa wakirejea kutoka vita na kabila la Banu Mustaliq, Bibi Aisha akabaki nyuma akitafuta kidani chake, na maneno yakaenea Madina muda wa mwezi mzima, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani asijue linalosemwa. Katika Surat An-Nur, Allah hakuwalaumu waliozua peke yao. Aliwauliza pia waliosikia: kwa nini hawakudhaniana wema? Kwa hiyo usijihesabu kuwa umepokea simu tu. Uliyasikia, ukayaamini, kisha ukamhukumu kwa hayo mwanamke ambaye hukumuuliza hata neno moja.

Tazama sasa mpangilio wa mambo katika barua yako mwenyewe. Kwanza uliacha kutuma fedha, na habari ya beseni ikaja baadaye. Simjui mkeo wala sina haki ya kumsemea, lakini mimi ni mtu wa Tanga, na mwanamke anayetoka alasiri na beseni lililofunikwa kanga, sisi wa hapa hudhani kwanza kuwa ndani mna vitumbua au bagia za kuuza. Akichelewa kumaliza biashara, bodaboda ni usalama wake kuliko kutembea gizani. Huenda mkeo anawalisha wanao kwa mikono yake, na wewe unayepaswa kuwalisha unauita utokaji huo ushahidi.

Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, matumizi ya mke yaliyopita hayafutiki kwa kupita siku zake. Ni deni shingoni mwa mume, na hayaanguki isipokuwa uasi wa mke uwe umethibiti, wala simu ya wifi si uthibitisho. Kwa hiyo unadaiwa miezi 3 kamili.

Kuhusu kuingia usiku, jambo hili lina katazo la wazi. Jabir amepokea kwamba Mtume alimkataza mtu aliyesafiri kuwarudia ahali zake usiku kwa kushtukiza, akiwatuhumu na kutafuta makosa yao. Mpigie mkeo simu, umwambie siku na basi utakalopanda.

Dada yako ni damu yako, usimkate. Mwambie kwa upole wa mdogo kwa mkubwa wake: "Dada, habari za nyumbani kwangu nitamuuliza mwenye nyumba." Akirudia, badili mazungumzo, umuulize hali ya mama. Lakini fedha zitume kabla hujampigia dada, na kabla hujapanda basi, kisha umwombe mkeo radhi kwa hiyo miezi 3. Usimtake akueleze kwanza alikuwa akienda wapi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.