Mfumo Uliofutwa Asubuhi Ukarudi Jioni: Kusinki SLD na LMDB Tukiwa Tanga

Tanga tuna msemo wetu: waja leo waondoka leo. Niliukumbuka sana msemo huo wakati nahangaika na mfumo mmoja ambao ulikuja ukakataa katakata kuondoka. Naufuta asubuhi, jioni umerudi, umekaa palepale kama mtu aliyetoka kwenda dukani tu. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya kuhudumia mifumo ya SAP, yaani programu za kuendeshea shughuli za kampuni, hasa wale walio na kiwanda au tawi mkoani na makao makuu Dar, kwa sababu mimi yalinipotezea karibu wiki mbili na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu madaftari yenyewe. SLD (System Landscape Directory) ni daftari la mahudhurio. Kila mfumo unajiandikisha humo: jina lake la herufi tatu, seva unayokaa, database yake, programu zilizofungwa na matoleo yake. Mfumo wa ABAP, yaani ulioandikwa kwa lugha ya programu ya SAP yenyewe, hujiandikisha kupitia skrini iitwayo RZ70, ambako unapanga kazi inayokusanya taarifa na kuzituma. Usipobadilisha kitu, kazi hiyo hukimbia kila baada ya saa 12. Iweke akilini hiyo 12, ndiyo iliyokuja kunitoa gizani.

LMDB (Landscape Management Database) ni daftari la pili, limo ndani ya Solution Manager, ule mfumo wa SAP wa kusimamia mifumo mingine. Lilikuja na toleo la 7.1 kuchukua nafasi ya SMSY, orodha ya mifumo ya zamani. Lenyewe hunakili yaliyomo kwenye SLD, na mwelekeo ni mmoja tu: kutoka SLD kwenda LMDB. Ukishamaliza ule usawazishaji wa kwanza wa kila kitu, ambao unaweza kula saa nyingi (anza Ijumaa jioni, uende zako nyumbani), baada ya hapo mabadiliko husogea yenyewe kidogokidogo. Ufuatiliaji wa mifumo, kengele za usiku, mipango ya kupandisha matoleo, vyote vinasoma LMDB. Daftari likidanganya, vyote hivyo vinadanganya pamoja nalo.

Sasa kisa chenyewe. Tulikuwa na mfumo wa uzalishaji kiwandani Tanga, tuuite TGP. Seva yake ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mizani, na anayeijua hewa ya pwani anajua chumvi inavyokula vyuma. Uamuzi ukatoka kwamba mfumo uhamie kwenye kituo cha data Dar, kilomita kama 350 kutoka hapo. Tukahamisha mwisho wa mwezi, kazi ikaenda vizuri, Jumatatu watu wakaingia kazini bila kujua kama kuna kilichohama.

Jumanne mwenzangu wa Dar akanipigia.

"Kaka, mbona nina TGP mbili huku?"

Nikafungua LMDB. Kweli, kulikuwa na TGP, na chini yake TGP00001. Hilo halikunishangaza sana. SLD haiutambui mfumo wa ABAP kwa herufi tatu peke yake. Inachanganya hizo herufi na jina la seva ya database. Ukibadilisha jina la seva, kwa SLD huo ni mfumo mwingine, mtoto mpya aliyepewa jina la marehemu babu yake. LMDB nayo ikikuta herufi tatu zilezile mara mbili, inaupachika wa pili mkia wa tarakimu ili isichanganyikiwe. Kwa hiyo TGP ulikuwa ule wa Tanga, na TGP00001 ndio wa Dar unaofanya kazi.

Mwenzangu akaufuta ule wa Tanga kwenye LMDB. Saa tatu asubuhi akaniandikia, "Tayari, nimeusafisha." Jioni nikapata ujumbe mwingine: "Umerudi." Akaufuta tena. Kesho yake alfajiri ulikuwa umerudi. Siku ya tatu tukaanza kutaniana kwamba labda ni jini wa Amboni.

Ilibidi niache utani nikafungue SLD yenyewe. Kwenye orodha ya mifumo kuna safu inayoonyesha mara ya mwisho taarifa zilipopokelewa. Mbele ya mfumo wa Tanga niliona 16:12 ya jioni hiyohiyo. Nikasubiri. Kesho yake asubuhi nikatazama tena: 04:12. Nikashusha kikombe cha chai. Dakika ileile, tofauti ya saa 12 kamili. Marehemu alikuwa anapumua, tena kwa ratiba.

Nikampigia fundi wetu wa kiwandani, mzee mmoja mtaratibu aliyekaa hapo kuliko sisi wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mzee. Hivi ile seva ya zamani bado inawaka?"

"Inawaka. Si mlisema isizimwe kwanza mpaka mtoe neno? Nimebandika na karatasi."

Hiyo "mlisema" ni heshima tu. Aliyesema nilikuwa mimi. Usiku wa kuhamisha niliagiza seva ya zamani iachwe hai kwa siku tatu, kama kuna lolote tuirudie. Siku tatu zikawa kumi na moja. Database iko hai, SAP iko hai, na ile kazi ya RZ70 iko hai pia, inatuma salamu zake SLD kila alfajiri na kila jioni. SLD inapokea, LMDB inanakili. Mwenzangu alikuwa anafuta kivuli huku mwenye kivuli amesimama juani.

Hapo nikamkumbuka baba mkubwa wangu wa Ngamiani. Alikuwa katibu wa chama cha kuzikana mtaani. Daftari kubwa lilikaa kwake nyumbani, na nakala ilikaa kwa mweka hazina. Mwanachama akifariki, mweka hazina alikuwa mwepesi wa kukata jina kwenye nakala yake, kisha akasahau kumwambia baba mkubwa. Mwaka ukiisha, nakala mpya inaandikwa kutoka daftari kubwa, na marehemu anarudi, tena anadaiwa michango. Mara moja alitumwa kijana kwenda kudai kwa mjane. Nyumba nzima ilifadhaika. Tangu siku hiyo baba mkubwa aliweka sharti kwamba hakatwi mtu popote ila kwenye daftari lake, na yeye ndiye atakayeitoa nakala.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo wa baba mkubwa. Taarifa iliyoletwa na mfumo wenyewe isahihishe ilikotoka. Zima mtumaji kwanza, kwa maana ya kusimamisha ile kazi ya ukusanyaji kwenye mfumo wa zamani au kuzima mfumo wenyewe. Kisha futa kwenye SLD. Kisha iache LMDB ichukue ufutaji huo yenyewe. Ukipindua mpangilio huo utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Lakini polepole na hicho kitufe cha kufuta. Nilipokuwa tayari kufuta kwenye SLD, dada mmoja anayeshughulikia PI, ule mfumo wa kupeleka ujumbe kati ya mifumo, aliniuliza swali moja tu: "Umeangalia mifumo ya kibiashara iliyofungwa hapo?" Sikuwa nimeangalia. SLD haiandiki seva peke yake. Inabeba pia majina ya kibiashara ambayo PI huyatumia kujua ujumbe unatoka wapi na unakwenda wapi. Jina letu la kibiashara la kiwanda lilikuwa bado limefungwa kwenye TGP ya zamani. Ningeifuta TGP hiyo, oda na hati za mzigo zingebaki hewani, na malori yamepanga foleni mizani. Tulilihamishia kwanza kwenye mfumo mpya, tukajaribu ujumbe mmoja, wa pili, wa tatu, ndipo nikafuta. Dada yule nilimnunulia chakula cha mchana, samaki mzima wa kupaka.

Kuna jambo jingine lililokuwa limejificha, na hili huwapata wengi wenye matawi. Kiwandani Tanga tulikuwa na SLD ndogo ya kwao, iliyowekwa zamani mtandao ulipokuwa wa kubahatisha. Hiyo ilikuwa inairushia SLD ya makao makuu kila taarifa inayoingia. Njia hii ya kurushiana ni rahisi kuiweka, lakini inapitisha yale tu yanayoletwa na mifumo yenyewe. Ulichoandika kwa mkono hakipiti, na ulichofuta hakifutiki upande wa pili. Ndiyo maana SLD ya Dar ilikuwa na mifumo mitatu ya majaribio ambayo Tanga walishaifuta miaka mingi nyuma. Ukitaka madaftari mawili ya SLD yafanane kwelikweli, tumia usawazishaji kamili, unaobeba na yaliyoandikwa kwa mkono na yaliyofutwa. Ila chagua njia moja. Kurusha na kusawazisha kwa wakati mmoja kwenye njia ileile ni kujitafutia maradhi.

Na hapa niseme wazi msimamo wangu, najua wapo watakaonipinga: kama huna sababu nzito ya kuwa na SLD mbili, kuwa na moja. Mtandao wa Tanga wa leo si ule wa zamani. Sababu nzito ninayoikubali ni PI ya uzalishaji kuhitaji SLD yake isiyoguswaguswa. Nyingine nyingi ni mazoea tu.

Ukilazimika kuwa na vyanzo viwili vinavyoingia LMDB, kila chanzo kinapewa cheo chake kwa namba, na chenye cheo cha juu ndicho kinachosikilizwa vikihitilafiana. Usiviache viwe sawa. Na kama SLD ya pili ulipata kwa kunakili ya kwanza, angalia jina la object server, yaani jina ambalo SLD hujitambulisha nalo. Kila daftari lazima liwe na lake. Mapacha wenye jina moja hawasinkiki, watakugombanisha na kila mtu.

Kamusi ya programu nayo nitaigusa kwa ufupi. SLD huwa na orodha kubwa ya bidhaa na matoleo ya SAP, ambayo inabidi uipakue na kuisasisha mara kwa mara. Usipofanya hivyo, utapandisha toleo la mfumo, mfumo utaripoti vizuri, na daftari halitaelewa umeripoti nini. Sisi tulihangaika nusu siku tukidhani usawazishaji umekwama, kumbe kamusi ilikuwa ya zamani.

Turudi kwa TGP. Baada ya mzee wa kiwandani kuzima seva na mimi kufuta kwenye SLD, ile TGP ya zamani ilitoweka LMDB na haikurudi. 16:12 ikapita, 04:12 ikapita, kimya. Lakini mfumo hai ukabaki na jina la mkia, TGP00001, na mipangilio yote ya ufuatiliaji tuliyokuwa tumeifunga kwenye TGP ilikuwa imekwenda na marehemu. Ilibidi tuifunge upya, kengele moja baada ya nyingine. Mkia tumeuacha. Kila mgeni kazini anauliza TGP ya kawaida iko wapi.

Yote haya yangeepukika kama seva ingekuwa na jina pepe tangu mwanzo. Unaupa mfumo jina la bandia la seva, unausimika kwa jina hilo, na siku ya kuhama jina linahama nao. Mashine inabadilika chini yake, SLD haioni tofauti. Siku hizi sisimiki mfumo wowote bila hilo, hata wa majaribio, na mtu akiniambia ni wa muda tu ndipo nakaza zaidi.

Kuna haraka nyingine mbele yetu. Matengenezo ya kawaida ya Solution Manager 7.2 yanaishia mwisho wa 2027, na wengi tunaelekea Cloud ALM, mrithi wake wa kwenye wingu. Nimeona watu wanasema hakuna haja ya kusafisha LMDB kwa kuwa inaondoka. Mimi naisafisha, kwa sababu ile orodha ndiyo nitakayoishika mkononi nikiamua mfumo upi unahama na upi unazimwa, na sitaki kukaa kikao kizima tukijadili seva iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu.

Kwetu imebaki mifumo miwili ambayo mara ya mwisho kuripoti ni miezi mingi nyuma, na hakuna anayejitokeza kusema ni yake. Wiki ijayo nashuka Tanga. Nitapita na mzee kwenye kila chumba chenye waya wa mtandao, kuanzia nyuma ya mizani, tukisoma karatasi zilizobandikwa.