Kwa nini eksirei ya hospitali haisomi magombo ya Herculaneum

Ndugu, umeuliza kwa nini magombo yale yaliyoungua ya Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi huko Italia, yapelekwe hadi sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali, wakati hospitali zimejaa mashine za eksirei. Shida ni wino. Ulitengenezwa kwa masizi, yaani kaboni, na mafunjo yenyewe, yaani karatasi ya kale ya matete, yaligeuka mkaa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 BK. Eksirei ya kawaida hutofautisha vitu kwa jinsi vinavyoizuia, kama mfupa na nyama; hapa ni kaboni juu ya kaboni, huoni kitu.

Sinkrotroni kama Diamond ya Uingereza, ambako elektroni huzungushwa kwenye pete ya mita 562 hivi kwa kasi inayokaribia ya mwanga, hutoa miali ya eksirei mikali na iliyonyooka sana. Inapatikana picha ya pande tatu yenye nukta za maikromita 8 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na gombo halifunguliwi, maana ukilifungua kwa mkono linavunjika vipande.

Kazi ngumu zaidi huja baadaye: kompyuta kukunjua tabaka na kuusaka wino. Mwaka 2023 neno zima la Kigiriki, lenye maana ya zambarau, lilisomeka ndani ya gombo lililofungwa. Kwangu hilo ni jambo kubwa mno, kwani mamia ya magombo bado hayajafunguliwa.